Pengo la Nyanya na Soda ya Machungwa

Juzi mjukuu wangu aliitengeneza kwa dakika tatu. Alifungua friji, akachota vijiko viwili vya aiskrimu, akavitia kwenye glasi ndefu, akamimina soda ya machungwa juu yake, povu likapanda hadi ukingoni. "Nyanya, onja," akasema. Tulikuwa kwa mwanangu huku Milimani, Kisumu, mchana wa Jumapili, sahani za samaki bado ziko mezani. Nilionja. Baridi ikanipiga kwenye meno ya chini, yale ya mbele, nikairudisha glasi mezani. Akaniuliza kama ni tamu, nikamwambia ni tamu. Sikuhisi kitu kingine, rafiki yangu, wala sitakudanganya kwamba machozi yalinitoka. Mimi si mtu wa machozi, na leo nitakueleza yaliishia wapi.

Katikati ya miaka ya hamsini tulikaa kwenye landhi, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa reli. Chumba kimoja, jiko nje, bomba moja la maji kwa safu nzima. Baba alipakia mizigo bandarini. Honi ya meli ikilia asubuhi, yeye ameshavaa buti zamani. Mama alifuga kuku nyuma ya nyumba, na kila Jumamosi tulipeleka mayai upande wa bazaar, kwa mke wa Muhindi mwenye duka la soda. Tulimwita Mama Soda, naye akaitika. Dukani mlikuwa na viti vizuri vya mbao, ila si vya sisi kukalia. Sisi tulipita mlango wa nyuma. Huko nyuma ndiko vitamu vilikotengenezwa, kwa hiyo viti vyao sikuvionea wivu hata siku moja.

Mama Soda alikuwa na ndoo ya mbao, ndani yake mkebe mrefu wa bati, na juu mpini wa kuzungusha. Barafu ilikuja kwa mkokoteni, bonge zima, limefunikwa unga wa mbao na gunia. Aliipasua kwa nyundo, akaipanga kuuzunguka mkebe, akatupia chumvi ya mawe kwa viganja. Kuzungusha ilikuwa kazi yangu. "Wewe toto, zungusha tu! Hapana simama!" Nilizungusha mpaka bega likaomba msamaha. Machungwa yetu huwa ya kijani hata yakiiva; aliyasugua maganda yake kwa sukari mpaka sukari ikashika rangi na harufu. Maji ya machungwa aliyachemsha peke yake, maziwa peke yake mpaka yakawa mazito, kisha akaviacha vyote vipoe kabisa. Hilo hakuchoka kulirudia: "Mbili yote baridi kwanza. Iko moto, hapana changanya. Maziwa takatika." Aiskrimu ikishika, aliitia kwenye glasi, akachukua chupa ya soda ya gololi, ile iliyozibwa shingoni kwa gololi badala ya kifuniko, akaibonyeza gololi ndani kwa kidole gumba, pwaa! Glasi ya kwanza ilikuwa yangu, ndiyo mshahara.

Nyanya yangu mimi, mama yake Baba, aliishi kijijini, upande wa Kisian. Mbele ya mdomo, chini, alikuwa na pengo kubwa: meno sita yaling'olewa alipokuwa msichana, kama ilivyokuwa desturi ya Wajaluo wa rika lake. Hakuliita pengo. Aliliita mlango. "Siku ugonjwa ukikufunga taya," alisema, "watu wako watapata pa kupitishia uji." Baba alikuwa mtu wa kanisa, na sisi watoto hakuna aliyeguswa jino. "Hayo ni mambo ya zamani, Mama," alimwambia. Nyanya akamjibu, "Sawa, mwanangu. Siku yao ikifika, mtawalisha kwa pua." Tulicheka sote, na Baba pia.

Kuna Jumamosi nilimpeleka Nyanya nyuma ya duka. Mama Soda akampa glasi. Nyanya alipiga funda moja, akashika shavu, akaruka. "Koyo! Yawa, koyo!" Ndiyo baridi hiyo kwa Kijaluo. Akacheka mpaka povu likamtoka pengoni. "Hii kitu inauma meno, na mimi meno sina!" Mama Soda akacheka hadi akakaa kwenye kreti. Wale wawili hawakuwa na lugha ila Kiswahili kibovu cha kila mmoja wao, na siku hiyo kiliwatosha. Nyanya aliimaliza glasi, akaipangusa ndani kwa kidole.

Masika ya mwaka uliofuata aliletwa kwetu mgonjwa wa kifua. Hospitali walikaa naye kidogo, kisha wakaturudishia. Dresa, yule mganga msaidizi wa hospitali, akasema tumlishe tu. Akila atapata nguvu, asipokula, yeye dresa hana la kufanya. Basi kazi yote ikawa hiyo, kumfanya ale, na Nyanya hakula. Uji wa mtama, mchuzi wa mbuta (hapana, wakati ule samaki huyo hatukuwa naye ziwani), mchuzi wa ngege: kwa vyote aligeuza uso ukutani. "Utakunywa uji, Mama?" mama yangu aliuliza asubuhi, akauliza jioni. Nyanya alitikisa kichwa. Siku ya nne, nikiwa ninamfukuzia nzi, aliniita kwa kidole. "Nyathina," akasema, yaani mtoto wangu, "ile kitu ya koyo."

Mama aliposikia alishika kichwa. "Mgonjwa wa kifua apewe barafu? Mnataka watu waseme nimemuua mama mkwe wangu?" "Ameomba mwenyewe," Baba akasema, "na hajaomba kitu kingine." Mama akarudi jikoni.

Nilikimbia kwa Mama Soda, nikarudi na glasi iliyofunikwa kwa kisahani. Jua ni jua la Kisumu, na mwendo si mfupi. Nilipofika nimebeba maji vuguvugu ya rangi ya chungwa. Nyanya alilowesha ulimi, akafunga mdomo. Nikakimbia tena. Mama Soda hakuuliza maswali. Alinifungia bonge la barafu kwenye gunia, na chumvi, na sukari ya maganda, na machungwa, na chupa moja ya soda. "Tengeneza huko huko nyumbani. Lakini baridi kwanza, sikia?" Nikasema nimesikia.

Wapi! Barafu ilikuwa inatiririka nje ya gunia kama bomba bovu, na mimi ninaitazama. Nikachemsha maziwa, nikashindwa kungoja, nikamimina maji ya machungwa humo humo. Maziwa yakakatika palepale, mabonge meupe yakielea kwenye maji ya njano. Haraka haraka haina baraka, kila mtoto anaijua, na mimi niliijua. Maziwa ya nyumba nzima yalikuwa hayo, isipokuwa kikombe kimoja ambacho Mama alikiweka kwa uji wa Nyanya. Mama alikuja akatazama sufuria. Nilingoja kofi. Aliingia ndani, akatoka na kile kikombe.

"Mgonjwa haulizwi uji," akasema, "na sisi tumemuuliza siku nne. Hii ikiharibika, hakuna tena."

Tukayachemsha, tukaitia sufuria kwenye beseni la maji, tukakaa chini tukangoja kama watu wasio na mgonjwa. Mama aliyagusa kwa kidole mara tatu kabla ya kukubali tuyachanganye na maji ya machungwa yaliyobaki. Mashine hatukuwa nayo. Tulichukua mkebe wa mafuta ya kupikia wenye mfuniko, tukauzamisha kwenye ndoo ya barafu na chumvi, tukauzungusha kwa mikono, yeye kidogo, mimi kidogo. Chumvi iliingia kwenye mipasuko ya vidole, ikawasha, kisha haikuwasha tena. Nikamwambia Mama siihisi mikono. "Hata mimi," akasema. "Zungusha."

Ikashika adhuhuri, kiasi cha nusu glasi. Nikabonyeza gololi, nikamimina soda, povu likapanda. Tulipoingia ndani, Baba alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda. Taya za Nyanya zilikuwa zimefunga. Alijaribu kuzifungua, hazikuachana. Akajaribu tena, akaishusha mikono yake, akatutazama kama mtu anayetaka kuomba radhi.

"Baba," nikasema, "mlango."

Alinitazama. Kisha akamwinua mama yake akamwegemeza kifuani, akauvuta mdomo wa chini kwa kidole gumba. Nikapitisha ncha ya kijiko cha chai pale meno sita yalipokuwa. Kidogo kilimwagika kidevuni. Tukatazama koo. Koo likapanda, likashuka. "Amemeza," Mama akasema. Nilimpa vijiko saba, na vyote akavimeza. Kwenye cha saba alifungua macho, akanitazama, na midomo ikafanya umbo la lile neno lake, koyo, bila sauti. Baba alimfuta kidevu kwa mkono wa shati lake la kazi.

Nyanya alikufa kesho yake, kabla ya mchana.

Tukampeleka Kisian. Matanga yalijaa watu, vilio, ng'ombe, vyungu. Nilikuwa nabeba kuni kupeleka jikoni nikamsikia shangazi mmoja anawaambia wenzake, "Ni ile baridi ya Wahindi. Mtoto amempa barafu, kifua ikafunga. Wangemtuliza tu na uji, angekuwa hai." Nikasimama na kuni zangu. Maneno yale yale aliyoyaogopa Mama, sasa yalikuwa yameniangukia mimi. Mama alikuwepo. Alitua sufuria chini.

"Hiyo barafu nimezungusha mimi na hii mikono yangu," akasema. "Kama iliua, mimi ndiye niliua, si mtoto. Lakini alikula. Nyinyi mlimpa nini akala?"

Shangazi akaendelea kuchambua mboga. Mimi niliweka kuni pale zilipotakiwa, nikaenda kuleta nyingine. Sikulia siku hiyo, wala walipofukia kaburi, wala tuliporudi mjini. Watu walisema mtoto huyu ana moyo wa jiwe. Mimi nilidhani ni ile ganzi ya mikono haijaisha, nikaingoja iishe. Nilikuwa na miaka tisa. Leo nina themanini na kidogo. Nani alikuwa na haki, shangazi au Mama, sijui mpaka leo. Nimeshazoea kutojua.

Duka la soda sasa linauza simu. Mama Soda na watu wake walihama, sikumbuki ni lini, niliona tu mlango wa nyuma umepigwa misumari. Mkokoteni wa barafu hakuna, chupa ya gololi hakuna, na mtoto wa leo ukimwambia barafu ilikuwa ya kubembeleza kwa gunia, anakuona umechanganyikiwa. Baba hakuwahi tena kusema kwamba kung'oa meno ni mambo ya zamani. Lakini hakutung'oa meno, na wadogo zangu wote, watoto wao, wajukuu, hakuna mwenye mlango. Mimi meno yangu sita ya mbele, chini, yako yote. Daktari huyasifu kila nikienda. Siku taya zangu zikifunga, sijui hawa watapitishia wapi kijiko.

Juzi pale mezani povu lilikuwa limeshalala. "Nyanya, mbona umeacha?" mjukuu akauliza. Nikamwambia inaniuma meno. Akacheka, akachukua kijiko cha chai. "Basi nikulishe polepole," akasema, na kijiko kikaja.

Nikafungua mdomo, maana bado unafunguka.