Bunduki ya Niyibizi

Siku ya kumaliza matanga, Nyirakamana alifua kitambaa chake cheusi cha kichwa na kukianika juu ya mawe ya volkano, nyuma ya nyumba yake ya Munigi. Jioni kingechomwa mbele ya ukoo, naye avae rangi tena.

Lakini ukoo wa marehemu mume wake, Niyibizi, ni wawindaji. Kwao matanga hayaishi mpaka mujane atie kartushi, ganda lenye baruti na risasi, ndani ya bunduki ya marehemu na kumpa mrithi. Bunduki tupu hairithiwi, na kartushi lazima itoke mkononi mwa mujane, maana ni yeye aliyezitunza kavu ndani ya kopo la maziwa.

Mrithi alikuwa Havugimana, mdogo wa marehemu, mutu mwenye sauti ya kuuza ng'ombe asiye wake.

Miaka kadhaa nyuma, kanga walitua hapa hapa juu ya mawe. Havugimana akaacha kartushi ya chembe ndogo, ile ya ndege, akatia ya risasi moja nene. Hiyo ni ya nguruwe wa porini kule Masisi, kwenye udongo laini: ukimkosa mnyama, risasi inazama ardhini. Jiwe la volkano halimezi kitu. Risasi iligonga mwamba, ikaruka pembeni, ikavunja goti la Niyibizi. Alichechemea mpaka anakufa. Kanga walienda zao wazima.

Sasa watu wamekaa, maharagi yananukia.

"Mama Emerance," Muzee Nzabonimpa, mkubwa wa ukoo, akamwambia Nyirakamana, "tia kartushi tumalize."

Nyirakamana aliweka kartushi mbili juu ya kigoda, moja ya chembe ndogo, moja ya risasi nene. "Shemeki, nichagulie. Tuseme kesho kanga wametua hapa juu ya mawe. Unakamata gani?"

Havugimana hakuziangalia hata mara mbili. "Ile nene. Mwanaume hapigi na muchanga."

"Na goti la kaka yako?"

"Ile ilikuwa bahati mbaya, Mama. Watu wamekuja kula, hawakuja kufanya mutihani."

Wengine wakacheka. Nyirakamana naye akacheka, kisha akarudisha kartushi zote mbili ndani ya kopo na kulifunga.

"Unakataa desturi?" akauliza Muzee.

"Hapana, Muzee, ninaifuata. Kartushi itoke mkononi mwangu. Huu hapa mkono, na hautaki."

"Mpaka lini?"

"Mpaka aogope mawe. Mimi sipakii bunduki ya mutu asiyejua anasimama wapi."

"Utavaa nyeusi mpaka uzeeni," Havugimana akamtupia.

"Vizuri. Nyeusi haionyeshi masizi, shemeki, na mimi ndiye ninakupikia."

Alitoka nyuma, akakitoa kitambaa kwenye mawe kikiwa bado na maji, akakifunga kichwani, akakaza fundo. Kisha akarudi kupakua maharagi. Havugimana alipewa wa kwanza, sahani imejaa. Bunduki ilibaki ukutani, tupu.