Fundi Aliyelala Kwenye Makochi ya Watu

Fundi makochi tuliyemwita Springi aliachana na nyama asubuhi moja, bila kelele. Alikuwa amepeleka viti kwenye ofisi ya machinjioni, akaambiwa amsubiri mwenye funguo. Akasubiri uani. Pale uani palikuwa na ng'ombe mwekundu aliyefungwa kamba, naye akisubiri. Wakatazamana. Mwenye funguo alichelewa sana.

Jioni Springi alimwambia mkewe, "Mama watoto, mimi na ng'ombe tumemalizana."

"Na kuku?"

"Na kuku pia."

"Mayai je?"

"Yai ni kuku aliyechelewa."

"Na maziwa?"

"Yana mwenyewe. Ndama."

Mkewe akafunika sufuria, akasema sawa. Alikuwa ameolewa muda wa kutosha kujua mambo ya kubishania na mambo ya kuachia yapite yenyewe. Hili halikupita.

Tatizo ni kwamba kaka wa huyo mke ndiye mwenye bucha ya mtaa. Alipopata habari, alicheka mpaka akaweka kisu chini.

"Shemeji, utakufa," akasema.

"Na wewe utakufa."

"Lakini mimi nitakufa nimeshiba."

Miaka ya mwanzo bucha ilikosa la kusema. Springi alikula maharage, dengu, karanga na mboga za kila rangi, akapungua tumbo, akawa anabeba kochi la watu wawili peke yake. Akipita mbele ya bucha na kochi kichwani, alipunguza mwendo kidogo ili aonekane vizuri.

Kisha akaanza kulala.

Mteja mmoja, mwalimu mstaafu, alikuja kuchukua kochi lake akamkuta fundi kajinyoosha juu yake, kajifunika kipande cha kitambaa kilichobaki. Mwalimu hakukasirika. Alisema kama mwenye kazi mwenyewe amelala fofofo, basi sponji ni nzuri. Aliwaambia na wenzake, na kwa muda usingizi ule ukaleta wateja. Lakini wateja walipoongezeka, kazi haikuongezeka. Springi alipiga misumari upande mmoja, akakaa. Akavuta kitambaa, akakaa. Kupanda ngazi tatu za karakana kulifanya moyo umwende mbio kama mtu aliyefukuzwa na mbwa.

Mafundi wa makochi hubana misumari midogo mdomoni ili mikono ibaki huru. Springi akaacha, kwa sababu ulimi ulikuwa unamwasha kama aliyelamba pilipili. Akaanza kuitoa misumari kwenye kopo, moja moja. Hapo akagundua la pili: vidole havikuuhisi msumari. Alidhani ameshika mmoja, kumbe ameshika mitatu, au hajashika kitu. Ganzi ilianzia nchani, ikawa kama amevaa glavu asizoweza kuzivua.

Hakumwambia mtu. Mkewe alipomwuliza mbona uso umepauka, alisema ni vumbi la sponji. Mke akaamua ni damu imepungua, akaongeza mboga za majani. Springi akala sahani mbili za mchicha, akalala juu ya kochi la harusi ya watu.

Si kwamba hakuogopa. Aliogopa. Ila kila alipofikiria kwenda kwa daktari, aliisikia sauti ya shemeji ikisema, "Si nilikuambia?" Mtu mzima anaweza kuvumilia mengi ili asilisikie neno hilo.

Mambo yalifika mwisho bafuni. Siku zile Springi akifumba macho aliyumba, kwa hiyo alikuwa amezoea kunawa uso jicho moja moja. Asubuhi ile sabuni ikaingia macho yote mawili. Akayafumba, na sakafu ikampotea. Mkewe alisikia ndoo, kisha mume, kisha ndoo tena.

"Umeanguka?"

"Nimekaa," akajibu kutoka sakafuni.

"Vaa nguo. Tunakwenda zahanati."

Daktari alikuwa dada mpole aliyeuliza bila haraka. Aligonga chuma chenye umbo la uma, kikavuma, akakiweka juu ya kidole gumba cha mguu wa Springi.

"Unausikia mtetemo?"

"Nausikia."

"Wapi?"

"Masikioni."

Daktari akaandika. Akamtoa damu, na majibu yalipotoka akawaita wote wawili. Kilichopungua, alieleza, ni vitamini B12. Mwili huitumia kutengeneza damu na kutunza neva. Iko kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Kwenye maharage na mchicha haimo, hata ule gunia. Mwili hujiwekea akiba ya miaka, na akiba ya Springi ilikuwa imekwisha.

Springi alitazama mikono yake. "Kwa hiyo nirudi kwa ng'ombe."

"Sijasema hivyo. Chakula chako si kibaya, kina pengo moja tu. Tutaanza na sindano, halafu vidonge, maisha yako yote."

"Hiyo dawa inatoka kwa nani?"

"Hutengenezwa na bakteria, kiwandani."

"Bakteria ni mnyama?"

Daktari akafikiri. "Si mnyama."

"Basi nichome."

Kisha daktari akamgeukia mke. "Na wewe mama? Kama mnakula chungu kimoja, tukupime na wewe."

Mke akarekebisha mkoba mapajani. "Mimi niko salama, daktari."

"Una hakika gani?"

"Huwa nakula maini. Kwa kaka yangu."

Walirudi nyumbani kwa miguu, polepole, Springi ameshika bega la mkewe. Walifika karibu na kona ndipo akauliza.

"Maini?"

"Maini."

"Tangu lini?"

"Tangu wewe na ng'ombe mmalizane."

Wakatembea kidogo.

"Ungeniambia."

"Na wewe ungeniambia kuhusu vidole."

Springi akaomba wapumzike ukutani.

Mke alikuwa na kazi zake, kwa hiyo wa kumsindikiza Springi kwenye sindano akawa shemeji. Alifunga bucha, akavua aproni, akamshika mkono barabarani bila kusema lolote. Kwenye benchi la zahanati Springi akashindwa kuvumilia.

"Sema tu, yaishe."

"Niseme nini?"

"Unalijua."

Shemeji alitazama sakafu. "Nilikuwa nimelipanga vizuri, shemeji. Miaka yote hii. Lakini nikikuona unavyopapasa ukuta, halitoki."

Muuguzi akaita. Shemeji akasimama naye, akaingia naye, na sindano ilipoingia ni yeye aliyegeuza uso.

Nguvu zilirudi kwanza, ndani ya wiki chache, ulimi ukapoa, kochi la harusi likafika, ingawa maharusi walikuwa wameshazoea kukalia mkeka. Vidole vilichelewa. Kidole gumba cha mguu wa kushoto hakijarudi mpaka leo, na daktari amemwambia huenda kisirudi, maana alichelewa kuja. Springi anameza kidonge chake kila asubuhi, na nyama hajaigusa.

Mkewe sasa hupika maini nyumbani, kwenye kikaango chake mwenyewe, dirisha likiwa wazi. Hula kwenye meza moja, yeye na maini yake, mumewe na maharage yake.

"Chumvi imetosha?" Springi humwuliza.

"Imetosha," hujibu mkewe, na kumsogezea maji.