Dawa ya Kahawa Kichwani

Chawa niliwachukia kwa moyo wote. Nilirudi nyumbani Tetu likizo ya Agosti, kidato cha tatu, nikijiona nimeelimika kuliko ukoo mzima, nikakuta kichwa cha mdogo wangu wa miaka sita kinatembea. Mayai yalishika kila unywele, na nyuma ya masikio kulikuwa na vidonda vinavyonuka. Usiku ule nilimfukuza kitandani, akalala sakafuni kwenye gunia.

Jumapili wenzangu wa shule wangekuwa kanisani, na aibu hiyo sikuitaka. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi, mama alipokwenda sokoni, nilichukua dawa ya wadudu ya kunyunyizia kahawa, nikaikoroga na mafuta ya kupikia ili ishike vizuri. Majirani waliwapaka mbwa hivyo hivyo. Nikampaka kichwa kizima, nikamfunga kitambaa, nikamkataza kujikuna.

Kabla ya chakula cha mchana mate yalianza kumchuruzika, kisha machozi na kamasi. Akajiharia, akatapikia sketi yangu. Nasema ukweli: kitu cha kwanza nilichohisi ni kinyaa. Ndipo nikaona mboni za macho yake zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, na anapumua kwa kukoroma. Nilimbeba mgongoni mbio hadi barabarani, lori la maziwa likatufikisha hospitali Nyeri mjini.

Daktari alimnyoa, akamwosha, akamdunga sindano moja baada ya nyingine. Baadaye aliniuliza kama shuleni tumefika kwenye vimeng'enya, yaani enzaimu. Akanieleza kwamba kimoja kina kijishimo ambamo kemikali ya ujumbe wa neva huingia, ikavunjwa, ikatoka. Dawa ya kahawa huingia kwenye kijishimo hicho hicho, ila haitoki, na neva hubaki zikipiga kelele hadi pumzi ikatike. Nilikuwa nimevichora mtihani uliopita, kufuli na ufunguo, nikapata alama zote.

"Lakini ilikuwa ya chawa," nilisema.

"Chawa ako na kufuli kama ya huyu mtoto," alisema. "Na kama yako."

Mdogo wangu alizinduka jioni, kichwa kikiwa kipara, midomo imekauka. Aliuliza kama chawa wamekufa wote. Nikamjibu ndiyo.

"Sasa naweza kulala kwa kitanda?"