Faili 30031

Karani wa mafaili hapa hospitalini hakupi faili lako kabla hajaichokonoa namba yake. Anagonga tarakimu moja moja kwa ncha ya kalamu, midomo ikimchezacheza, kisha anatangaza kama mshereheshaji: "Hii inagawanyika kwa saba, mzee wangu, hongera!" Foleni inaguna, naye wala hana habari. Faili lenye namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe, husimama akalikabidhi kwa mikono miwili. Hajawahi kukosea, na sisi manesi tumemtega mara chungu nzima.

Jana alikuja mama mmoja, mwanawe anakwenda kupasuliwa moyo. Karani akagonga 30031, akakawia, akasimama. "Mama, hii haigawanyiki kwa chochote. Ngumu kama jiwe." Mama akacheka kidogo, akalikumbatia faili, akaenda.

Mimi nikatoa simu, nikaigawa na kuigawa mpaka ikakubali: hamsini na tisa mara mia tano na tisa. Nikamkimbilia karani mbio. "Leo nimekunasa, kaka!"

"Najua, dada," akasema, akivuta faili lingine. "Niliiona hata kabla sijasimama."