Gauni la Mkaguzi wa Vyerehani

Kiwandani walimwita Mama Mshono, na jina hilo lilikuwa limemganda mwilini. Kwa miaka kumi na tisa hakuna cherehani kilichokwenda dukani bila kupita mezani pake. Alikiwasha, akapitisha kipande cha kitambaa, akashona mstari mnyoofu na mwingine wa zigizaga, kisha akageuza kuona uzi wa chini umekaa vipi. Masikio yake yalikuwa makali: chuma kikigonga kidogo tu ndani, yeye alishazima kabla mafundi wenzake hawajasikia kitu.

Mwaka huo kampuni iliwazawadia wafanyakazi wa siku nyingi cherehani kimoja kimoja cha nyumbani. Chake hakijamaliza siku mbili sebuleni, mdogo wake wa kike akaingia na kitambaa cha zambarau kwapani. Alikuwa amepata kazi ya mapokezi, na alitaka gauni la kuripotia. Mama Mshono akamshauri akakipeleke kwa fundi.

"Fundi gani tena, dada, na wewe upo?"

Hapo alipaswa kusema ukweli, kwamba katika maisha yake hajawahi kushona hata foronya. Aibu ikamziba mdomo. Akasema, haya, kiache hapo.

Jumamosi alikitandika kile kitambaa sakafuni akakizunguka kama anayetafuta mlango wa kuingilia. Kitambaa ni bapa, mtu ni mviringo. Sasa mtu unaanzia wapi? Mwishowe akalaza juu yake gauni kuukuu la mdogo wake, akachora kwa chaki pembezoni, akashika mkasi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Kushona kulikuwa raha tupu, mishono imenyooka kama imepigwa rula. Lakini gauni lilipoisha alijipima, maana yeye na mdogo wake umbo ni moja, nalo halikupita hata mabegani. Aliukagua mshono mmoja baada ya mwingine, asione kasoro. Mumewe alipoingia, akamtupia.

"Mshono safi kabisa," mume akasema, akiligeuzageuza.

"Mshono naujua. Nguo je?"

Mume akafikiri kidogo. "Ni ya mtoto wa nani?"

Jumapili ilibidi amwambie mwenye kitambaa. Mdogo wake hakukasirika, na afadhali angekasirika. Aliketi na lile gauni mapajani, akamwangalia dada yake kama mgeni aliyekosea nyumba.

"Sasa dada, huko kiwandani huwa mnafanya nini?"

Mama Mshono akalichukua lile gauni, akalikunja, akalitia kwenye mfuko.

Jumatatu, saa ya mapumziko, alishuka na mfuko wake hadi duka la kampuni, alikokuwa mwalimu wa kufundisha wateja kushona, binti aliyeajiriwa juzijuzi tu. Binti alidhani mkaguzi amekuja kumkagua, akasimama wima. Mama Mshono akamtolea gauni, akamwomba amwonyeshe alipokosea. Mwalimu akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Akamweleza taratibu kwamba unapokata unaacha upana wa vidole viwili kila upande, kwa ajili ya mshono kumeza.

Vidole viwili! Mama Mshono alivitazama vidole vyake mwenyewe. Miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia, wala yeye hakuwahi kuuliza, na hakujua lipi lilikuwa ajabu zaidi.

Kitambaa kilichobaki kilitosha sketi. Waliikata pamoja yeye na mwalimu, naye mdogo mtu akaenda nayo kazini, akiwaambia watu imeshonwa na dada yake, bingwa wa vyerehani. Habari hizo zilipomfikia, Mama Mshono hakujua ajivune au ajifiche.

Siku hizi kila Jumatano, kazi ikiisha, huketi mstari wa nyuma kwenye darasa la wateja. Juzi mama mmoja aliyeketi kando yake alimuuliza anafanya kazi gani.

"Niko kiwandani," akasema, akainamia mkasi.