Alama Chini ya Mfuniko

Mwashi aliingia dukani kwa Mama Kibano akaitupa saa mezani.

"Saa haitupwi, mwanangu. Hata mbwa humtupii mfupa hivyo."

"Nisamehe, mama. Nimeipata jana, na wenzangu wananicheka eti nimebambikiwa. Niambie kweli, ni ya asili au ni ganda tupu?"

Mama Kibano akabana lenzi jichoni. Duka lile, upana wake kitanda na kiti, lilikuwa la marehemu mumewe, na ndiye aliyemfundisha kazi. Mumewe alipigwa nondo ya kichwa jioni moja akirudi nyumbani, akavuliwa saa yake kuukuu ya kutia ufunguo, akaachwa mtaroni kama gunia la taka. Polisi walichoka kutafuta, majirani wakasahau. Mjane hakusahau. Kila saa ya zamani iliyoingia dukani aliifungua mfuniko, hata kama kilichokatika ni mkanda.

"Kioo kipya," alianza. "Sura imepakwa rangi, tena na mtu mwenye papara. Tazama hiyo tisa ilivyolewa. Na akrabu hii ndefu imetoka kwenye saa nyingine."

"Basi nimekwisha!"

"Tulia. Asili ya saa haiko usoni."

Akafungua mfuniko. Mashine ilikuwa yake yenyewe, safi, ila skrubu moja nyeusi kati ya zile za buluu. Mafundi wa saa hukwaruza alama zao upande wa ndani wa mfuniko, ndogo mno, mwenye saa asizione maisha yake yote. Pale palikuwa na ndoana, alama ya mumewe. Chini yake nukta tatu zilizopinda. Hizo alizikwaruza yeye mwenyewe siku alipoweka ile skrubu nyeusi, mumewe akimcheka: "Umeshaiharibia asili, mke wangu."

Damu ikampanda hadi masikioni.

"Nani kakupa?"

"Shemeji yako, dereva wa lori. Tumebadilishana na redio yangu."

Mdogo wa mumewe! Yule aliyeshika jeneza mbele, akalia kuliko mjane.

"Kamwite. Mwambie saa imegoma. Usiongeze neno."

Shemeji akaja na mwili wake wa kujaza mlango, Mwashi nyuma yake, anacheka. "Ee shemeji, bado unahangaika na vyuma chakavu?"

Mama Kibano akamsogezea mfuniko chini ya lenzi. "Tazama."

"Mikwaruzo tu hii."

"Ni mkono wa kaka yako. Usoni ulipaka rangi. Humu ndani je?"

Kicheko kikakatika. Akamrukia, akamkaba koo kwa mkono mmoja, akamgongesha ukutani hadi saa za ukutani zikaporomoka na vioo vyake. "Fumba hilo domo! Nitakupeleka alikokwenda yeye!" Mkono wa pili ulikuwa mezani, unaipapasa saa. Macho yakimtoka mjane, vidole vyake vikapata bisibisi kubwa. Akaishusha kwa nguvu zake zote. Ikapita kiganja, ikazama ubaoni. Jitu zima likalia kama ndama.

Mwashi akampasua pua kwa ngumi. Damu ikatapakaa juu ya saa za watu. Mara mtaa ukajaa mlangoni. "Muuaji! Leteni petroli!" Tofali likarushwa, likampata shemeji begani.

Mama Kibano akasimama katikati, shingo imevimba, nyundo mkononi. "Atakayemgusa nampasua! Huyu akifa kimya, mume wangu kafa mara mbili. Aseme kwanza!"

"Shemeji, niokoe, wataniua."

"Sema."

"Baba alimwachia yeye duka. Mimi sikuachiwa hata msumari." Akatema jino. "Nondo ilikuwa ya lori langu. Nilitaka kumtisha tu, nikazidisha. Saa niliichukua ionekane ni wezi."

Mtaa mzima ukasikia. Polisi walipofika walimkuta bado amegongomelewa mezani, na mjane ameketi kando yake, nyundo mapajani, anatia saa ufunguo polepole. Ikaanza kutembea.

Mwashi akakohoa, anafuta ngumi yake kwenye suruali. "Sasa mama, na saa yangu?"

"Ni ya asili, mwanangu. Wakikucheka tena, waambie nimesema mimi." Akaivaa mkononi. "Ila si yako. Redio yako kaichukue nyumbani kwake, haihitaji tena."