Kiitikio cha Bibi

Yule mtu aliingia mapokezi ya nyumba ya wageni ninayofanyia kazi, Utende, na fulana nyeusi kwenye jua la saa saba na kichwa chote mvi. Nilimjua kabla hajaishika kalamu. Yeye hakunijua, na angenijuaje? Alipoondoka nilikuwa na miaka tisa, kibogoyo wa meno mawili ya mbele, nanuka tope. Ila mimi nilikuwa namsubiri zaidi ya miaka ishirini, na usinicheke, rafiki yangu, nilimsubiri kwa raha kama mtu anayenusa ubwabwa wa jikoni kwake.

Ngoja nikurudishe Juani, kisiwa nilichokulia kwa bibi yangu. Kazi ya bibi ilikuwa makumbi. Wanawake wa kwetu walichimba mashimo kwenye tope la ufukweni, karibu na mikoko, wakayafukia makumbi ya nazi humo kwa miezi mpaka yaoze. Kisha wakayafukua, wakakaa mstari mmoja na magongo yao, wakayapiga mpaka yakabaki nyuzi za usumba, za kusokotea kamba. Harufu ya makumbi yaliyoiva ni mbaya, sikudanganyi, lakini leo ningeinusa mpaka nilewe. Kazi yangu ilikuwa kuwapelekea muhogo wa kuchoma na birika la chai ya mchaichai, nikirudi na kapu la usumba kichwani, maji yananichuruzika shingoni.

Sasa sikiliza desturi yao. Mwanamke aliyeibiwa hakugombana. Alisubiri siku ya kupiga makumbi, akaanzisha wimbo wa kuuliza, na wote waliokaa pale walilazimika kuitikia kwamba wao ndio wezi. Asiye na kosa aliitikia huku anacheka. Mwenye kosa aliitikia huku mate yanamkauka. Asiyeitikia alikuwa amejitangaza mwenyewe.

Mwaka ule bibi alifukua shimo lake akakuta nusu ya makumbi hayamo. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ambaye shimo lake lilikuwa dogo kama sufuria, akawa ghafla ana kamba za kujaza sebule. Bibi alisubiri siku ya kupiga makumbi. Alikaa chini, akafunga kanga kiunoni, akainua gongo:

“Nani kachimbua changu?”

Wanawake wakajibu kwa kishindo, “Ni mimi, ni mimi, mkono wangu hautulii!”

Jirani naye alijibu. Nilikuwa nimesimama mbele yake na birika, niliiona midomo yake inavyotetemeka. Sijawahi kuona mtu akipigwa namna ile bila kuguswa.

Pembeni alikuwepo Mnorwe, kijana mwenye nywele ndefu, aliyekuja kuangalia matumbawe. Alikula muhogo wa bibi kila siku, akajifunza kumwamkia “shikamoo” kwa kuinamisha kichwa, na bibi alimwitikia “marahaba, mwanangu” kwa moyo mweupe. Siku ile alikuwa na kinasa sauti. Akaomba, akaruhusiwa, akanasa. Tulijua tu kwamba kwao anapiga kinanda kwenye bendi.

Mwaka uliofuata ikaja bahasha shuleni. Ndani mna sidii. Mwalimu wetu ndiye aliyekuwa na redio ya kuicheza, na kijiji kizima kikajaa uwanjani kwake, bibi kawekwa kwenye kiti cha mbele, kavaa kanga mpya. Sauti yake ikatoka: “Nani kachimbua changu?” Tukapiga vigelegele! Kiitikio hakikuja, walikuwa wamekikata. Badala yake yalikuja magitaa, kelele kama mashine ya kukoboa mpunga iliyomeza jiwe, kisha mwanamume anakoroma kama aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Katikati ya fujo ile kinanda kikawa kinalia taratibu, kitamu, na hapo ndipo nilipomchukia zaidi yule Mnorwe, kwa sababu kilikuwa kizuri kweli.

Watu wakamwomba mwalimu asome karatasi ya sidii. Akaisoma na kuitafsiri papo hapo, bila kupima, maskini: “Mwanzo wa albamu, sauti ya mchawi mzee wa kisiwani Afrika, akiita mizimu.”

Jirani akajishika kidevu. “Haya,” akasema, “mpaka Wazungu wanajua.”

Neno hilo lilimtosha bibi. Kuanzia wiki ile mashimo ya wenzake yalihamishwa mbali na la bibi. Kwenye harusi hakupewa tena mwiko wa pilau, yeye ambaye bila yeye pilau haikupikwa. Mtoto akipata homa, macho yanageukia mlango wetu. Bibi aliniuliza mara moja tu: “Nilimkosea nini yule mtoto? Si nilimpa muhogo?” Alipofariki, wanawake waliojitokeza kumwosha walikuwa wawili. Wawili, katika kijiji alichokisokotea kamba maisha yake yote.

Ndipo nikaanza kuifuata bendi ile. Nilipopata kazi, na simu, nilijua habari zao kuliko za ndugu zangu. Ile albamu ya bibi, ya tatu, ndiyo iliyowapa jina. Wakazunguka Ulaya na nyuso zimepakwa nyeupe na nyeusi, ungedhani wamejipaka liwa gizani. Kisha mpiga ngoma akaondoka. Wakatoa albamu iliyojaa vinanda, mashabiki wao wakawatukana, nikala samaki mzima siku hiyo. Wakavunjika, nikafurahi. Wakarudiana, nikanuna. Mwaka huu wakatangaza kuipiga albamu ya tatu yote, mwanzo hadi mwisho, kabla ya kustaafu.

Na hilo ndilo lililomleta. Aliniambia anataka mashabiki waimbe na yule bibi, lakini amesahau wanawake wengine walikuwa wanajibu nini. Je, kuna mtu anayeujua wimbo?

“Mimi naujua,” nikamwambia.

Nilimfundisha kiitikio asubuhi nzima, barazani, mpaka kikamkaa ulimini. Nusu kilikuwa cha zamani. Nusu nilikitunga mwenyewe, njiani nikitoka kumchukulia maji. Akauliza maana yake. Nikamjibu, “Ni jibu. Anayeulizwa ndiye anayejibu.” Sikusema uongo. Akanishukuru kwa mikono miwili.

Juzi video ya onyesho lao ikaingia kwenye simu yangu. Nikapanda boti mpaka Juani, mchana, moja kwa moja kwa jirani. Bado yu hai, macho hayaoni tena.

“Shikamoo, bi mkubwa.”

“Marahaba, mwanangu. Umeniletea nini?”

“Nimekuletea mtu unayemjua.” Nikamwekea simu sikioni.

“Nani kachimbua changu?” akauliza bibi. Na maelfu ya Wanorwe, yule mwenye mvi akiwaongoza, wakajibu kwa nguvu zao zote: “Ni mimi, ni mimi, nimemsingizia mama wa watu!”

Bibi akauliza tena. Midomo ya jirani ikaanza kutetemeka kama siku ile, na kwa mazoea ya miaka yote ya ufukweni, sauti ikamtoka: “Ni mimi. Ni mimi.”

Machozi yalimtoka. Sikumfuta. Nilirudisha video nyuma, nikamwekea tena.

Kisha nikashuka ufukweni. Mashimo yamejaa mchanga, huwezi kujua lilipokuwa la nani. Kamba siku hizi ni za nailoni, za dukani, na hakuna anayekaa mstari mmoja na adui yake akamwitikia. Nilikaa kwenye tope na nguo zangu za kazi, nikamsikiliza bibi peke yangu. Duniani kote sauti yake haipo mahali pengine, ila kwenye albamu ya watu wale. Anauliza mara mbili. Anavuta pumzi ya kuuliza mara ya tatu, naisikia kabisa pumzi yake, halafu magitaa yanaingia.

Hilo bado sijawalipa.